Tiba ya mtukutiko si kupigwa stima

Ukimwambia mtu wa Lodwar kwamba mzee wake atapewa "tiba ya mshtuko wa umeme", atakachosikia ni kwamba mzee anakwenda kupigwa stima. Wala hajakosea kusikia. Mshtuko kwetu ni hofu ya ghafla, ni habari ya msiba, ni moyo uliogoma. Na umeme ndio unaomuua anayekanyaga waya ulioanguka. Jina limebeba vitisho viwili, kisha likaitwa tiba.

Nianze na kinachofanyika chumbani. Mgonjwa hafungui kinywa kwa chakula tangu usiku. Hudungwa dawa ya usingizi, kama anayekwenda kupasuliwa, kisha dawa ya kulegeza misuli, huku akipewa oksijeni. Kabla ya hiyo dawa ya pili kuingia, mkanda wa kupimia presha hufungwa juu ya kifundo cha mguu mmoja na kujazwa hewa, ili dawa isifike kwenye wayo. Umeme hupitishwa kichwani kwa sekunde chache tu. Mwili wote umetulia; wayo ule mmoja ndio unaotikisika, na daktari anautazama akihesabu sekunde, ambazo mara nyingi hazifiki dakika moja. Baadaye mgonjwa anazinduka, akiwa amechanganyikiwa kidogo. Hurudiwa mara 2 au 3 kwa wiki, mpaka zitimie mara 6 hadi 12.

Daktari hutazama wayo kwa sababu anachotafuta ni mtukutiko wa ubongo, kile ambacho Kiingereza hukiita "seizure". Umeme ni njia ya kuuamsha tu. Historia yenyewe inathibitisha hivyo: mwaka 1934, mjini Budapest, Ladislas Meduna aliwaamshia wagonjwa mtukutiko kwa sindano ya kafuri, hiyo hiyo ambayo watu wa pwani huiita karafuu maiti. Hakukuwa na waya wala swichi. Ugo Cerletti na Lucio Bini wa Roma walileta umeme mwaka 1938, kwa kuwa ulikuwa mwepesi kuutawala kuliko dawa. Zama hizo mgonjwa hakulazwa usingizi, na picha za wakati ule ndizo zilizobaki vichwani mwa watu hadi leo.

Kwa hiyo nasema tuiite tiba ya mtukutiko, na kwa kirefu, tiba ya mtukutiko wa ubongo kwa umeme. Degedege sikulitaka. Ni neno la mtoto mwenye homa kali, na kwa wengi bado lina harufu ya pepo. Kifafa nacho ni jina la ugonjwa; mama atadhani mwanawe anakwenda kuambukizwa kifafa hospitalini.

Neno la pili ni gumu zaidi. Watafiti husema tiba hii hubadili namna sehemu za ubongo zinavyohusiana, na magazeti yetu huandika "muunganisho wa ubongo". Muunganisho ni kazi ya fundi: ameshika hiki na kile, ameviunga. Msomaji anaona nyaya zikifungwa au kukatwa. Muunganiko ndio unaofaa, kwa sababu unataja hali ya vitu vilivyoungana vyenyewe. Hata hivyo muunganiko ni wa aina mbili. Upo wa kimuundo, yaani nyuzi halisi za neva zinazotoka sehemu moja hadi nyingine. Upo pia wa kiutendaji, ambao hauonekani kwa kisu: ni sehemu mbili kuchangamka na kutulia kwa wakati mmoja, kama wachezaji wa edonga, ngoma ya Waturkana, wanavyoruka na kutua pamoja bila kamba baina yao.

Mwaka 2012 watafiti wa Aberdeen, Uskoti, waliwapiga wagonjwa 9 wenye sonona kali picha za ubongo kabla na baada ya tiba. Waliona kwamba eneo moja la mbele, upande wa kushoto, lilipunguza muunganiko wake wa kiutendaji na sehemu nyingine, na wagonjwa wakapata nafuu. Wakaeleza kwamba huenda katika sonona eneo hilo huwa limeshikamana na mengine kupita kiasi. Wagonjwa 9 ni wachache. Tafiti nyingine zimeona muunganiko ukiongezeka mahali pengine, na hipokampasi, sehemu inayohusika na kumbukumbu, ikinenepa kidogo baada ya tiba. Ndiyo maana sikubali neno "kukata" wala "kuunganisha upya". Tiba hubadili muunganiko. Hapa hupungua, pale huongezeka, na bado haijajulikana ni badiliko lipi hasa linaloponya.

Haya si mambo ya kamusi peke yake. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ipo tangu 1992, na ndani yake na pembeni yake wanaishi Waturkana, Wasudani Kusini, Wasomali, Wakongomani, Warundi na wengine. Mara nyingi Kiswahili ndicho daraja: Kiingereza cha daktari kinageuzwa Kiswahili, na Kiswahili kinageuzwa lugha ya nyumbani. Neno likipinda darajani, litafika limevunjika. Tena miongoni mwa waliokimbia vita wamo walioteswa, na umeme ni chombo cha watesaji katika nchi nyingi. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba atapewa mshtuko wa umeme ni kumrudisha kule alikotoka.

Wengi wanaosema wana "mawazo mengi" hawahitaji tiba hii. Ushauri nasaha na dawa hutangulia. Hii ni ya yule aliyekataa chakula na maji, aliyeganda kama gogo, au ambaye dawa hazikumfaa na anatafuta kufa. Kwa mtu kama huyo inaweza kuokoa maisha, lakini hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari, Nairobi, iko zaidi ya kilomita 700 kutoka Kakuma, na familia haitauza mbuzi wa nauli kwa ajili ya kitu inachokiogopa.

Ukweli wote usemwe. Kumbukumbu za wiki au miezi inayoizunguka tiba zinaweza kupotea, na nyingine zisirudi. Takriban nusu ya waliopona huugua tena ndani ya mwaka. Sheria ya Kenya ya afya ya akili, iliyorekebishwa mwaka 2022, inadai ridhaa, na ridhaa ya jambo lililotajwa vibaya si ridhaa.

Wewe unayekalimani zahanatini, Lodwar au Kakuma, nakuomba useme hivi: "Mama, mzee atalazwa usingizi kwanza. Akiwa amelala, ubongo wake utaamshiwa mtukutiko mfupi kwa umeme kidogo. Hatasikia maumivu wakati huo. Akiamka anaweza kusahau baadhi ya mambo. Uliza lolote kabla ya kuweka sahihi." Kisha umngoje aulize.