Tahadhari: Diski za Debian za matoleo tofauti zisichanganywe

Watumiaji wa mfumo wa Debian wanaosakinisha programu kwa diski, hasa mahali ambapo intaneti ni ghali au hafifu, wanapaswa kuhakikisha kuwa diski zao zote ni za toleo moja. Diski za matoleo mawili zikichanganywa, mfumo mzima huweza kuvurugika, na kompyuta ya shule au ofisi ikashindwa kuwaka.

Debian ni mfumo huria ulioasisiwa na Ian Murdock mwaka 1993, nao hutolewa bila malipo. Kila toleo lina namba na jina: la 12, Bookworm, lilitoka Juni 2023, la 13, Trixie, lilitoka Agosti 2025.

Programu zake hugawanywa katika vifurushi vinavyotegemeana. Vingi huhitaji libc6, maktaba ya msingi inayounganisha programu na kiini cha mfumo. Katika Bookworm maktaba hiyo ni 2.36, katika Trixie ni 2.41. Mwenye Bookworm akiingiza diski ya Trixie ili apate programu moja tu, programu hiyo huweza kudai maktaba mpya, nayo maktaba hiyo ikalazimisha vifurushi vingine vibadilishwe au viondolewe. Kurudi nyuma ni vigumu, kwani Debian haiungi mkono kushusha vifurushi hadi toleo la zamani.

Toleo lililomo katika kompyuta husomwa kwenye faili /etc/debian_version. Toleo la diski na aina ya kichakato huandikwa katika faili iitwayo info, ndani ya folda .disk. Neno amd64 lisiwatatize wenye kompyuta za Intel: linahusu vichakato vya biti 64 vya kampuni zote mbili. Diski za 12.1 na 12.5 hazigombani, kwa kuwa ni marekebisho ya toleo lile lile.

Wakati wa kusakinisha, orodha ndefu ya vifurushi vitakavyoondolewa ni dalili ya hatari. Mtumiaji akatae kuendelea. Kisha afute mstari wa diski hiyo katika /etc/apt/sources.list na kutoa amri ya apt update. Iwapo vifurushi vimekwisha kuchanganyika, njia ya salama ni kunakili kazi zote kwenye chombo kingine, kisha kusakinisha mfumo upya kwa diski za toleo moja.