Chembe Nano za Metali: Matumaini na Tahadhari katika Uchunguzi wa Magonjwa kwa Picha

Kontrasti ni dawa anayopewa mgonjwa, aghalabu kwa sindano ya mshipa, ili kiungo kinachochunguzwa kionekane bayana katika picha za CT-Scan au MRI. Bila dawa hiyo, uvimbe unaweza kufanana na nyama inayouzunguka na daktari asiutambue kwa urahisi.

Kwa miaka mingi CT-Scan imetegemea dawa zenye iodini, na MRI dawa zenye gadolini, ambayo iliidhinishwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 1988. Hata hivyo, mwaka 2006 wataalamu wa Ulaya walihusisha baadhi ya dawa za gadolini na ugonjwa wa kukakamaa kwa ngozi na viungo kwa watu ambao figo zao zimeshindwa kufanya kazi. Hali hiyo iliongeza ari ya kutafuta njia mbadala, zikiwemo chembe nano za metali. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita.

Katika kubuni chembe hizo, jambo la kwanza ni kuchagua metali. Namba ya atomiki ya dhahabu ni 79 na ya iodini ni 53, hivyo dhahabu huzuia mionzi ya eksirei kwa kiasi kikubwa zaidi. Mwaka 2006, James Hainfeld na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti uliotumia chembe za dhahabu za nanomita 1.9 kuonesha mishipa ya damu, figo na uvimbe katika panya.

Jambo la pili ni ukubwa. Chembe zisizozidi takriban nanomita 5.5 huweza kuchujwa na figo na kutoka kwa mkojo. Zilizo kubwa zaidi hukaa katika damu kwa muda mrefu na kutoa nafasi ya kupata picha nzuri, lakini huishia kwenye ini na bandama. Kwa kuwa dhahabu haiyeyushwi kirahisi na mwili, inaweza kubaki humo muda mrefu.

Jambo la tatu ni ganda la nje, mathalani la polietileni glikoli, ambalo huzuia chembe kugandana na kuchelewesha seli za kinga kuziondoa.

Oksidi ya chuma ina nafuu yake, kwani mwili una njia ya kutumia madini ya chuma. Ferumoxytol iliidhinishwa Marekani mwaka 2009 kutibu upungufu wa damu kwa wagonjwa wa figo, na baadhi ya madaktari huitumia katika MRI pale gadolini isipofaa. Pamoja na hayo, mwaka 2015 mamlaka za nchi hiyo ziliimarisha onyo kuhusu mzio mkali unaoweza kusababisha kifo.

Kontrasti za chembe za dhahabu bado zipo katika hatua ya utafiti. Kwa Tanzania Bara, udhibiti wa ubora, usalama na ufanisi wa dawa ni jukumu la Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

Mwananchi anayetarajia kupewa kontrasti ya aina yoyote anashauriwa kumweleza mtoa huduma mapema endapo ana ugonjwa wa figo, pumu, ujauzito au amewahi kupata mzio wa dawa hizo.