Sheria Ilitangulia, Fedha Ikachelewa



Wahenga walisema, siri ya mtungi aijuaye kata. Wenzangu wameandika humu habari za hisa, mikopo na gawio. Mimi nimepewa kazi ya kueleza jambo tulilozoea kulisemea pembeni: mama anayepigwa nyumbani anasaidiwa na nani, na kwa fedha ya nani?

Wengi hudhani sheria haikuwepo. Kumbe ilikuwepo! Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake wa ndoa kwa kumpiga. Lakini kifungu hicho hakikuja na nauli, wala nyumba ya kukimbilia, wala mtu wa kumsindikiza mama mahakamani. Basi akienda kwa wazazi anaambiwa, "Vumilia mwanangu, ndiyo ndoa." Akienda kwa balozi, shauri linarudishwa kwa wazee.

Waliojitokeza mapema ni wanawake wenyewe. Waandishi wa habari walianzisha TAMWA mwaka 1987, na wanasheria wakaunda TAWLA mwaka 1989. Miaka ya 90 walipokea akina mama na kuwapa ushauri na msaada wa kisheria. Walipiga kelele pia mpaka ikapatikana Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, ingawa nayo ilimwacha nje mke anayelazimishwa na mume anayeishi naye. Hata hivyo, kazi hiyo ilitegemea sana wafadhili. Mradi ukiisha, msaada unayumba.

Huduma ndani ya ofisi za umma zilikuja baadaye. Polisi walifungua Madawati ya Jinsia na Watoto. Kituo cha Mkono kwa Mkono kilianza Hospitali ya Mnazi Mmoja, Zanzibar, mwaka 2011, na Amana, Dar es Salaam, mwaka 2013. Hapo mganga, polisi na ofisa ustawi wa jamii wapo mahali pamoja, mama hazunguki mji mzima na fomu ya PF3 mkononi. Mwaka 2017 ikapitishwa Sheria ya Msaada wa Kisheria, na ukaanza mpango wa taifa wa MTAKUWWA, wenye kamati hadi vijijini na mitaani. Haja ilikuwa kubwa: utafiti wa taifa wa 2015/16 ulionyesha wanawake 4 kati ya 10 wenye miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili.

Na sisi je? Mfuko wetu wa jamii ulikuwa wa msiba, ugonjwa na uzazi tu. Mwaka wa tatu, mwenzetu mmoja alifika kwenye kikao pekupeku, jicho limevimba. Tulibishana sana. Wengine walisema ya ndoa ya watu hayatuhusu, na katiba haisemi. Ndipo mweka hazina akauliza, "Jamani, akifa tutachanga tumzike. Leo yu hai, tunashindwa kumpa nauli?" Kimya. Sanduku likafunguliwa, kufuli zote tatu. Kikao kilichofuata tukarekebisha katiba: nauli na matibabu ya mwanzo, na wala si mkopo.

Lakini tusijidanganye. Sanduku letu haliwezi kujenga nyumba salama wala kumlipa ofisa ustawi mshahara. Hiyo ni kazi ya kodi zetu. Ile asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa mikopo ya wanawake tunaifuatilia hadi shilingi ya mwisho. Basi na hili tulifuatilie vivyo hivyo. Kwenye mkutano wa mtaa tusimame tuulize: mwaka huu zimetengwa shilingi ngapi kwa ajili ya MTAKUWWA, na zimetoka ngapi?

Hongereni kwa miaka kumi.