Daktari aliyeususa umeme wake mwenyewe

Mwaka 2023 mtandao wa watafiti wa Cochrane, unaopima ushahidi wa tiba, ulitoa mapitio yaliyowatibua madaktari wengi. Ulisema vifaa vya umeme vinavyopandikizwa mgongoni huenda haviwasaidii wenye maumivu sugu ya kiuno kuliko kifaa kilichozimwa. Watetezi wakaja juu. Lakini ugomvi huu ni wa zamani, na miongoni mwa waliouanza ni Norman Shealy, aliyeizaa tiba yenyewe.

Umeme na maumivu vimejuana tangu kale. Scribonius Largus, tabibu wa Roma katika karne ya kwanza, aliwawekea wenye kuumwa kichwa samaki hai wa jamii ya taa, yule anayepiga shoti. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall wakaleta nadharia ya lango: ndani ya ugwe mgongo kuna mahali panapoweza kufungwa, maumivu yasipande ubongoni.

Shealy, mpasuaji wa mishipa ya fahamu mjini Cleveland, Marekani, aliijaribu kwanza kwa paka. Thomas Mortimer, mwanafunzi wa uhandisi, akamtengenezea elektrodi. Machi 1967 ikaja zamu ya binadamu: mzee wa miaka 70, saratani ya mapafu imeshamla, kifua na tumbo havimpi usingizi. Wakamfungua mgongo, wakaweka kibati kidogo cha chuma kwenye ugwe, wakawasha. Maumivu yakapungua. Mzee hakuishi siku nyingi, lakini kampuni ya Medtronic, iliyozoea vifaa vya kuratibu mapigo ya moyo, haikukawia kuona biashara.

Shealy hakutaka kumpasua kila anayelia. Ili kuwachuja wagonjwa alichukua Electreat, kidude cha betri kilichosajiliwa mwaka 1919 na Charles Willie Kent, mtu aliyeandamwa na mamlaka kwa kudai kinatibu karibu kila ugonjwa. Alikibandika kwenye ngozi kupima nani anauvumilia umeme. Ajabu ni kwamba baadhi walipata nafuu hapo hapo, kisu kikawa hakina kazi tena. Mashine za kubandika ngozini zinazotumiwa na wataalamu wa fiziotherapia, hata katika hospitali zetu, zina asili hiyo. Tapeli alikuwa na chombo kizuri.

Wenzake hawakuwa na subira hiyo. Walipandikiza ovyo, nyaya zikahama au kukatika, nafuu ikayeyuka. Shealy alilalamika, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaacha kabisa. Mwaka 1978 akaanzisha chama cha madaktari wa tiba ya mwili na roho kwa pamoja. Wengi walimwona amepotoka, na baadhi ya aliyoyafuata ni magumu kuyameza. Katika suala la kuchagua wagonjwa, hata hivyo, hoja ilikuwa yake.

Baadaye betri zikaingia chini ya ngozi, na mwaka 2015 Marekani ikaidhinisha kifaa cha mawimbi ya kasi kubwa. Mwaka 2022 utafiti wa Norway kwa wagonjwa 50 waliokwisha kupasuliwa mgongo haukuona tofauti ya maana kati ya kifaa kilichowashwa na kilichozimwa.

Kwa hiyo, msomaji unayeshauriwa kwenda India au kwingineko kupandikizwa, dai kwanza majaribio ya elektrodi ya muda. Kisha uliza ni nani atakayekitengeneza kifaa kikiharibika ukiwa umesharudi nyumbani.