Nani Asomewe Kwanza? Historia ya Foleni ya Diski, Kutoka San Jose Hadi Mollo

Kila mhudumu wa steshenari mjini Sumbawanga ameshakutana na hali hii: mteja amesimama kaunta akingoja barua yake ichapwe, programu ya kuzuia virusi imeanza kukagua mafaili bila kuagizwa, na kompyuta imeganda. Taa ndogo ya diski inawaka bila kupumzika. Fundi akiitwa, iwe mjini au kule Mollo, aghalabu husema mashine imezeeka, inunuliwe nyingine. Mara nyingi hukumu hiyo hutolewa mapema mno. Nguvu ya kompyuta bado ipo. Kinachogombaniwa ni zamu. Programu mbili zinaitaka diski moja kwa wakati mmoja, na ndani ya mashine kuna kanuni inayoamua ipi isikilizwe kwanza. Kanuni hiyo ina historia ndefu, na wanaotumia kompyuta za mtumba ndio wanaostahili kuijua kuliko wote.

Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania, ICT 1500 kutoka Uingereza, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Enzi hizo kazi ziliingizwa kwa kadi zilizotobolewa, na kumbukumbu nyingi duniani zilitunzwa kwenye tepu. Tepu haina ugomvi wa zamu. Husomwa kuanzia mwanzo kwenda mwisho, na anayetaka kilicho katikati hungoja ifike. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni, na nchi ikawa pembeni katika miaka ileile ambayo elimu ya foleni ya diski ilikuwa ikikomaa kwingineko. Kompyuta zilipoanza kuingia tena kwa wingi, zilikuja na kanuni zilizokwisha kuamuliwa na wengine.

Diski yenyewe ilizaliwa San Jose, California, mwaka 1956. IBM ilitoa mashine iliyoitwa RAMAC, yenye sahani 50 za kipenyo cha inchi 24, zikizunguka mara 1,200 kwa dakika na kubeba herufi milioni 5. Mkono uliobeba vichwa vya kusomea ulipaswa kupanda au kushuka hadi kwenye sahani inayotakiwa, kisha uingie ndani yake. Tofauti na kwenye tepu, sasa kompyuta iliweza kufuata taarifa yoyote mahali ilipo. Hapo hapo likazaliwa swali jipya: maombi yakiwa kumi, mkono uanzie wapi?

Mwaka 1967 Peter Denning, akiwa bado mwanafunzi wa uzamivu katika chuo cha MIT, alilipigia hesabu swali hilo. Ili kumwelewa, chukua basi linalotoka Tunduma kwenda Mpanda kupitia Laela, Sumbawanga, Chala na Namanyere. Dereva akiwafuata abiria kwa mpangilio wa simu walizopiga, atapakia Tunduma, akimbilie Namanyere, arudi Laela, apande tena Chala. Mafuta yatakwisha na abiria wengi watabaki barabarani. Ndivyo kichwa cha diski kinavyohangaika kikifuata kanuni ya aliyetangulia kuomba. Kanuni ya pili ni kumchukua aliye karibu zaidi. Safari zitakuwa fupi, lakini gari litang'ang'ania kati ya Laela na Sumbawanga penye watu wengi, na wa Namanyere atangoja bila mwisho, maana kila dakika anatokea mwingine aliye karibu kuliko yeye. Kanuni ya tatu ni kwenda moja kwa moja hadi mwisho wa njia ukipakia kila unayemkuta, kisha kugeuza. Wamarekani waliipa jina la lifti, na kwa miongo mingi baadaye ndiyo iliyotawala.

Naiona kanuni hiyo ya tatu kuwa mojawapo ya maamuzi yenye utu zaidi katika uhandisi wa kompyuta. Ile ya aliye karibu huokoa muda mwingi kwa jumla, lakini inaweza kumsahau mtu mmoja kabisa. Ile ya lifti hupoteza kidogo, ila kila aliyeomba atafikiwa.

Tatizo hilohilo lilikuwapo kwenye waya. Diski, printa na vifaa vingine hutumia njia moja ya pamoja kupeleka data, ambayo mafundi huiita basi, na vifaa viwili haviwezi kusema humo kwa pamoja. Katika kompyuta za PDP-11 za kampuni ya Digital, zilizotoka mwaka 1970, ruhusa ilipita kutoka kifaa hadi kifaa. Kati ya vilivyoomba kwa daraja moja, kilichofungwa karibu na kichakataji kiliipata kwanza, na cha mwisho kwenye mstari kilisubiri. Kiwango cha SCSI cha 1986 kikavipa vifaa namba kutoka 0 hadi 7, na viwili vikigongana, chenye namba kubwa kinapita.

Sura inayotugusa zaidi ilianza miaka ya 2000, ndani ya mfumo endeshi wa Linux. Jens Axboe wa Denmark aliona kwamba lifti peke yake haitoshi: programu inayoandika faili kubwa hujaza foleni, na mtu anayetaka kufungua barua moja anakwama. Akaandika kanuni ya muda wa mwisho: ombi la kusoma lihudumiwe ndani ya nusu sekunde, la kuandika ndani ya sekunde 5, kadiri diski inavyoweza. Mwaka 2001 Sitaram Iyer na Peter Druschel wa Chuo Kikuu cha Rice walionyesha jambo la kushangaza, kwamba diski ikikaa bure milisekunde chache baada ya kusoma, ikitarajia ombi jingine la jirani, kazi huenda haraka zaidi. Kisha Axboe akaleta CFQ, iliyoipa kila programu foleni yake na kipande chake cha muda. Kuanzia 2006 ndiyo iliyokuwa chaguo la kawaida la Linux. Upande wa Windows, Vista ya 2007 ndiyo iliyoanza kuyapa maombi ya diski madaraja, ili ukaguzi wa virusi umpishe mtumiaji.

Halafu zikaja diski za SSD. Hazina sahani wala kichwa cha kusogeza, hivyo umbali haukuwa na maana tena. Kiwango cha NVMe cha 2011, kilichoundwa kwa ajili ya SSD, kiliruhusu foleni zaidi ya 65,000 kwa diski moja. Linux ikajengwa upya kwa ajili ya diski hizo, na mwaka 2019, katika toleo la 5.0, CFQ ikaondolewa kabisa. Paolo Valente wa Italia alikuwa amekwisha kuifikisha kanuni nyingine, BFQ, ndani ya Linux mwaka 2017, na hiyo inaendelea kuzijali diski zinazozunguka.

Diski hizo bado zinafanya kazi Ufipa, mkoani Rukwa. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika hungoja wastani wa milisekunde 4 sahani ifike, na kusogea kwa kichwa huongeza wastani wa 8 au 9. Kwa maombi yaliyotawanyika, haimudu hata 100 kwa sekunde. Hapo mpangilio wa foleni ndio kila kitu. Tena Rukwa, ambayo kwa miaka mingi ilitegemea umeme wa Zambia na majenereta ya dizeli, inajua gharama ya kuchelewesha kuandika: umeme ukikatika, kilichokuwa kikisubiri zamu kinapotea.

Kwa hiyo, fundi, kabla hujaihukumu mashine ya mtu, fanya mawili. Kwenye Windows, fungua Task Manager, bonyeza safu ya Disk uone ni nani ameikalia diski, kisha ukaguzi wa virusi uupangie saa ambazo hakuna mteja. Kwenye Linux, soma faili la /sys/block/sda/queue/scheduler. Jina lililo ndani ya mabano ya mraba ndilo kanuni inayotumika. Ikiwa diski inazunguka, jaribu bfq au mq-deadline, ile ya muda wa mwisho.