UMWAGILIAJI MBINGA NA NYASA: TUPIME MAJI YA OKTOBA KWANZA

Wadau, ukisimama Mbamba Bay na ziwa lote lile mbele yako, halafu mtu akuambie maji ya kumwagilia hayatoshi, utamshangaa. Lakini ndivyo ilivyo. Maji ya ziwa yako chini ya mashamba, kuyapandisha kunataka pampu na pampu inataka hela, na kila mita unayoyanyanyua gharama inaongezeka. Maji yanayokuja yenyewe kwa mteremko ni ya mito na vijito vinavyoshuka kutoka milima ya Umatengo, na hivyo vinapungua sana kiangazi. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Novemba mpaka Aprili au Mei, basi.

Sasa tatizo la mipango yetu ni kuanza na hekta. Mpango kabambe wa taifa wa umwagiliaji wa mwaka 2002 ulitaja hekta milioni 29.4 zinazofaa nchi nzima, ila zenye uwezekano mkubwa zilikuwa milioni 2.3 tu. Namba ya kwanza ndiyo inayopendwa majukwaani.

Hebu tupige hesabu ya mfano (sio kipimo cha mto wowote). Kijito kinatoa lita 60 kwa sekunde mwezi Oktoba. Acha 20 za kunywa na za kijito chenyewe, maana Sheria ya Rasilimali za Maji ya 2009 inatanguliza matumizi ya watu na mazingira. Zinabaki 40, sawa na mita za ujazo 3,456 kwa siku. Zao linalotumia milimita 5 kwa siku linahitaji mita za ujazo 50 kwa hekta, lakini mfereji wa udongo unaweza kupoteza zaidi ya nusu njiani. Ukifikisha asilimia 40 tu, hekta moja inakula 125. Kwa hiyo ni hekta 27, na kwa mpunga ni pungufu ya hapo kwa sababu jaruba linanyweza maji chini. Ukiziba mfereji ukafikisha asilimia 60, unapata 41 kwa maji yale yale!

Halafu kuna jambo linalosahaulika: milimani kwenyewe. Wamatengo wana ngoro, mashimo yao maarufu. Majani yanafyekwa mvua zikikaribia kuisha, yanapangwa miraba, yanafukiwa kwa udongo, katikati linabaki shimo. Wanapanda maharage, msimu unaofuata mahindi. Mvua inatuama shimoni na kuzama badala ya kubeba udongo bondeni. Huo ni umwagiliaji usio na mfereji, na chakula kinapatikana kwenye miteremko mikali. SUA na Wajapani walikuja kuusoma, sisi wenyewe tunauacha nje ya bajeti.

Huko huko juu kuna mitambo ya kumenya kahawa mbivu, inayotaka maji kiangazi, na bustani za mboga mabondeni. Tangu 2012 Nyasa ni wilaya yake, imetoka Mbinga, kwa hiyo wa juu na wa chini wana halmashauri mbili na kijito kimoja. Kibali cha kutumia maji kwa upande unaoingia ziwani kinatoka Bodi ya Bonde la Ziwa Nyasa, Tukuyu, ambako kwa mkulima wa Liuli ni safari kweli kweli. Na sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka mtoni, hapo hapo penye bustani inayolisha familia Oktoba. Mpango usiosema huyu mama mwenye bustani ataenda wapi haujakamilika, hata uwe na ramani ya rangi.

Rahisi kuliko yote ni bwawa dogo la usiku. Watu wakimwagilia mchana tu, saa 12, nusu ya maji yanapita wamelala. Kwenye mfano wetu ni mita za ujazo 1,728 kila usiku, yaani karibu hekta 14 zinateremka ziwani.