Mtu wa shoto Uzaramo: sinia, ubao na kalamu

Shoto ni hali ya mtu kutumia mkono wa kushoto kwa kazi ambazo wengi huzifanya kwa mkono wa kulia, kama kuandika, kukata, kurusha au kushika nyundo. Duniani karibu mtu 1 kati ya 10 huzaliwa na mwelekeo huo, na hakuna sababu ya kudhani kwamba wilaya za Kisarawe na Kibaha nchini Tanzania zimewahi kuwa na wachache zaidi. Walichotofautiana watu wa vizazi mbalimbali ni namna ya kumpokea mtoto wa aina hiyo.

Wenyeji wa wilaya hizi mbili ni Wazaramo, pamoja na Wakwere upande wa Kibaha. Kama majirani zao Waluguru na Wakaguru wa Morogoro, Wazaramo huhesabu ukoo kwa mama. Kwa Wakaguru, mtaalamu wa mila T. O. Beidelman alieleza mwaka 1961 jinsi upande wa kulia unavyonasibishwa na mwanamume na wa kushoto na mwanamke. Kiswahili cha zamani cha pwani kiliweka mpango uleule: mkono wa kuume na mkono wa kike. Kulia kulitangulia, ni kweli. Lakini pale ambapo mtu hupata ukoo wake kwa mama, upande wa kike hauwezi kuwa wa kutupwa. Kwa Wameru wa Kenya heshima ya mkono wa kushoto ilifika mbali zaidi. Kiongozi wao wa dini, Mugwe, alibeba nguvu ya kubariki katika mkono wa kushoto, nao ulifichwa ndani ya vazi lake usionwe ovyo.

Ukali juu ya mkono wa kushoto una asili nyingine pia, nayo ni chakula na usafi wa mwili. Uislamu ulienea sana Uzaramo kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, ukitokea miji ya pwani, na pamoja nao ukaja mgawanyo ulio wazi: kulia kwa kula, kunywa, kupokea na kusalimia, kushoto kwa kujisafisha chooni. Hadithi za Mtume zinaagiza hivyo, na mazingira yaliliunga mkono agizo hilo. Watu wanaokula sinia moja kwa vidole wana haki ya kujua ni mkono gani unaoingia humo. Mtoto wa shoto alianza kurekebishwa hapo, kabla hajaanza kusoma, na aliyemrekebisha alikuwa mama au bibi. Kumpa mkubwa kitu kwa kushoto kulihesabiwa utovu wa adabu, na mtoto aliambiwa abadilishe mkono kabla kitu hakijapokelewa.

Chuoni, mbele ya mwalimu wa Kurani, jambo lilikuwa na kichekesho chake. Maandishi ya Kiarabu huanzia kulia kwenda kushoto. Anayeyaandika kwa mkono wa kulia huupitisha mkono juu ya wino mbichi, ilhali mkono wa kushoto huukimbia wino huo. Kwa hesabu ya wino tu, mtu wa shoto ndiye aliyefaa zaidi kushika kalamu ya mwanzi. Hata hivyo alitakiwa kuandika kwa kulia, maana huo ndio mkono wa heshima.

Wamisionari wa Kijerumani kutoka Berlin walifungua kituo Kisarawe mwaka 1892, kisha Maneromango mwaka 1895. Shule zao zilifundisha herufi za Kirumi, zinazokwenda upande wa pili, na sasa wino ukawa hoja dhidi ya mtu wa shoto: mkono wake ulipita juu ya alichoandika, na nibu ya chuma, iliyofaa kuvutwa, ikasukumwa na kukwaruza karatasi. Mwanafunzi aliyehama chuo akaingia shule ya misheni alikuta katazo lilelile likitolewa kwa sababu nyingine kabisa. Biblia aliyosomeshwa iliwaweka mbuzi mkono wa kushoto siku ya hukumu, ingawa katika kitabu cha Waamuzi mwokozi wa Israeli, Ehudi, ni mtu wa shoto.

Chini ya Waingereza mambo hayakulegea. Chuo cha Mtakatifu Andrea cha Waanglikana kilihamishwa kutoka Kiungani, Unguja, hadi Minaki, Kisarawe, mwaka 1925. Uingereza yenyewe wakati huo ilikuwa ikiwageuza watoto wake mikono. Mfalme George wa Sita, ambaye jina lake lilichapwa kwenye shilingi za Afrika Mashariki, alizaliwa mtu wa shoto akalazimishwa kuandika kwa kulia. Tenisi aliicheza kwa kushoto, hata Wimbledon mwaka 1926.

Mabadiliko ya shuleni yaliletwa zaidi na kalamu kuliko hoja. Kalamu ya biki haikwaruzi wala wino wake hauchelewi kukauka, hivyo lawama ya uchafu wa daftari ikakosa msingi. Shule nazo ziliongezeka: Kibaha, mradi wa nchi za Nordiki ulioanza mwaka 1963 ulizaa shule ya sekondari mwaka 1965, na mwaka 1970 mradi wote ukakabidhiwa serikali ya Tanzania. Elimu ya msingi kwa wote ilipoanza kutekelezwa mwaka 1977, madarasa yalifurika, na mwalimu mwenye watoto wengi hakuwa na nafasi ya kukagua kila mkono. Shambani suala halikuwahi kuwa kubwa, kwa sababu jembe na panga havina upande.

Sinia halikufuata mkondo huo, kwa kuwa sababu yake haikuwahi kuwa wino. Watu wengi wa shoto wa Kisarawe na Kibaha huandika kwa kushoto na kula kwa kulia.